Keni ya Kumwagilia, Tukuyu

Jamani, leo nimepewa keni ya kumwagilia bustani. Hapa Tukuyu, ambako hata nguo hazikauki kwa mvua!

Nimetimiza miaka kumi na nane, kesho natoka kituo cha yatima. Kampuni moja na shirika la hisani wametoka Dar kuja kutuaga "kwa mtaji". Mtaji wenyewe ni keni, na kupigwa picha kumi.

Nikamuuliza meneja wa kampuni, "Shikamoo baba. Hiyo bustani iko wapi?"

Akacheka. "Binti, anza na ulichonacho."

Hajamaliza hotuba, mvua hiyo! Waheshimiwa mbio kwenye magari, na miamvuli yao.

Keni yangu ikajaa yenyewe.

Haya, mwenye chumba cha kupangisha hapa mjini: unapokea keni kama kodi?