Bi Harusi wa Mlinzi wa Lango

Kwetu, katika milima ya Syunik, mke mpya hasemi mbele ya baba mkwe mpaka mzee mwenyewe amfungue kinywa kwa zawadi. Aspram alinyamaza hivyo tangu alipoolewa na Vahram, mwana wa Mzee Tornik, mlinzi wa lango la ngome. Akiwa na neno, alimnong'oneza wifi yake, na wifi akalisema.

Miaka ile wakuu wetu walinyang'anyana ngome kama mbwa wanaogombea mfupa. Bonde alikozaliwa Aspram lilikuwa limekwisha kutekwa na mkuu wa ng'ambo ya mto.

Asubuhi moja ya mavuno, wapanda farasi walitokea korongoni na bendera ya mkuu wetu. Aspram alikuwa amemletea mzee mkate langoni. Akawatazama. Yule wa mbele, mwenye kovu shavuni, ndiye aliyechoma zizi la baba yake. Bendera ilikuwa ya hila.

Wifi alikuwa mtoni. Aspram akamvuta mzee mkono, akatikisa kichwa, akaonyesha kidole.

"Ehe! Leo bi harusi anacheza ngoma!" mzee akacheka. "Umeona panya, mwanangu?"

Aspram akalikumbatia komeo.

"Hebu toka! Mkuu akikuta pamefungwa, kichwa changu utakirudisha wewe?"

Midomo ilifunguka, sauti haikutoka. Mama yake alimfunza tangu utoto kwamba bi harusi mwenye kelele huvunja nyumba. Mzee akamsogeza kando kwa upole, akafungua.

Vahram aliuawa ukutani kabla hajafunga mkanda wa upanga. Jioni bendera nyingine ilipandishwa. Mkuu mpya alimwacha Mzee Tornik kazini. Alihitaji mtu aliyelizoea lango.

Baada ya arobaini, mzee alimwekea Aspram kitambaa cha hariri magotini.

"Sema, mwanangu. Nimekufungua."

"Niliwajua, baba."

Mzee alimkazia macho, kisha akaelewa.

"Si ungepiga kelele! Ukelele mmoja tu!"

"Mbele yako, baba?"

 Mzee aliketi kando ya tanuri mpaka moto ukazimika.

Waliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, wakisemezana habari za chumvi, kuni na mbuzi. Jina la Vahram hakuna aliyelitaja.