Nilimwacha Mdogo Wangu, Nami Nikaachwa Jeniva

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kulisema, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kuniuliza nina nini.

Naishi Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, kazi yangu ni kutunza wazee. Mdogo wangu, nitamwita Neema, anaishi Apple Valley na binti yake. Tumezaliwa wawili tu.

Msimu wa baridi uliopita Neema alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku zile za kukaa ndani, theluji imejaa hadi mlangoni, alianza kutupangia safari ya Ulaya. Jamani, yule mtu alipanga! Amsterdam, Paris, Roma. Kila mji siku nne, tusikokote masanduku kila asubuhi. Na kila mji, matembezi ya nje ya mji siku moja tu: Haarlem, Versailles, Tivoli. Aliandika kila treni inatoka saa ngapi na lifti ya stesheni iko wapi.

"Mahali pa kwenda na kurudi siku moja pasizidi saa moja njiani," aliniambia. "Ikizidi hapo hatutembei, tunahama."

Nilicheka naye. Kumbe moyoni nilikuwa nimeshaanza kuionea aibu fimbo yake ya kutembelea!

Siku moja nilienda Maple Grove kwa Mama Tasha, rafiki yangu wa kikundi cha maombi. Nikamwonyesha mpango wa Neema kwenye simu. Macho yakamtoka. Akasema yeye na Mama Kevo, mwenzetu wa kikundi, nao wanataka kwenda. Kisha akauliza, "Lakini na huyo mdogo wako na fimbo? Si tutakuwa tunamngoja kila kona?"

Nilipaswa kuchukua koti langu niondoke. Badala yake nikasema, "Hilo niachie mimi."

Nika-drive hadi Apple Valley, nikakaa jikoni kwa Neema, nikamdanganya kwamba kazini wameninyima likizo. Akanimiminia chai.

"Pole, dada. Tutaenda mwaka ujao."

Alinipa pole! Mimi, niliyekuwa na mpango wake mfukoni!

Tuliondoka Juni, watu watatu. Nilipofika Amsterdam ndipo nilipojua Mama Tasha ameuchanachana ule mpango. Miji saba kwa siku kumi! Kila asubuhi masanduku, kila jioni stesheni nyingine. Siku ya sita miguu yangu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Tulikuwa Paris. Mama Tasha akatangaza kwamba kesho tunaenda Jeniva na kurudi. Zaidi ya saa tatu kwenda, zaidi ya saa tatu kurudi!

"Miguu yangu haitaweza," nikasema.

"Tiketi nimeshanunua."

Na tiketi zote zilikuwa kwenye simu yake.

Ziwa la Jeniva nililiona kwa saa mbili. Alasiri, tukirudi stesheni, wenzangu walitangulia, mimi nyuma nachechemea na kuwaita. Hawakugeuka. Nilipofika kwenye treni milango ilikuwa imefungwa. Mama Tasha ameketi dirishani. Aliniona! Tulitazamana macho kwa macho, kisha akageuka akaendelea kuongea na Mama Kevo. Treni ikaondoka.

Nikampigia huku nalia. "Rafiki gani anamwacha mwenzake ugenini?"

Akacheka kidogo. "Wewe uliyemwacha mdogo wako wa damu, leo unatufundisha sisi urafiki?"

Nilikaa chini palepale, watu wananipita. Nani mwingine ningempigia? Minnesota ilikuwa asubuhi. Neema alipokea mara moja.

"Neema, kuna jambo nilikuficha..."

"Najua uko Ulaya. Mama Tasha aliweka picha zenu mtandaoni tangu Jumanne. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kisha akauliza, "Uko mji gani?"

"Jeniva. Wameniacha. Tulikuja kwa siku moja kutoka Paris."

"Kwa siku moja?" Alishusha pumzi. Nikamsikia akibonyeza kompyuta. "Kuna treni ya Lyon, hapo unabadilisha, unapanda ya Paris. Nenda dirisha la tiketi, kwa mhudumu, kwenye mashine utakosea. Nunua maji. Ukipata kiti, inua miguu."

"Neema, nisamehe."

"Panda treni, dada."

Akakata simu. Hajaniambia neno jingine hadi leo.

Niliporudi, kikundi kizima cha maombi kilikuwa kinajua. Mama Tasha alikuwa amewasimulia jinsi nilivyomdanganya Neema, kana kwamba yeye hakuwepo kwenye shauri hilo! Nilimpa siri yangu, naye akaigeuza mazungumzo ya chai.

Nimeenda Apple Valley mara tatu. Mara ya mwisho binti yake alifungua mlango nusu, akanijibu kwa Kiingereza chao hicho kwamba mama amelala. Nyuma yake nilimsikia Neema akiongea kwenye simu. Nimesikia Septemba wanakwenda Ulaya, yeye na binti yake.

Wewe unayesoma, ukipata mtu anayekupangia safari huku akifikiria hata ngazi utakazopanda, usimwache kwa ajili ya watu wenye haraka! Wenye haraka watakuacha na wewe. Mimi Paris niliiona. Picha ninazo, zimejaa kwenye simu. Sina hata mtu mmoja wa kumwonyesha.