Johari na Siti za Mzee Mughwai

Harufu ya gari la Mzee Mughwai siwezi kuisahau, na Mungu anisamehe, kila nikiikumbuka natema mate. Naitwa Mazengo, fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Manyoni, na gereji yetu iko Singida mjini, upande wa barabara ya kwenda Mtinko. Nimeshalala chini ya lori lililobeba mbuzi, likanivujia usoni, nikaendelea na kazi. Lakini kinyaa cha siku ile, aka! Sitaki tena. Nakihadithia kwa sababu ya Johari tu.

Johari ndiye fundi wetu wa siti. Baba yake, marehemu Mzee Abdulhamidi, alikuja kutoka Pangani na cherehani ya kushonea ngozi, akaoa Mnyaturu, akabaki. Watoto wake wa kiume waliikimbia kazi ile, wakaenda kuuza mitumba. Binti ndiye aliyekaa naye akajifunza. Enzi hizo, kabla ya ruksa ya biashara huria, siti ya gari hapa kwetu ilikuwa turubai juu ya sponji iliyokwisha, na gari lenyewe ulipata kwa kibali. Biashara ilipofunguliwa, magari yakaanza kushuka kutoka Japani, yametumika lakini yanang'aa, na mengine siti zake ngozi tupu. Nani wa kuzishona? Johari. Sikumjua mwingine mjini aliyeweza kushona ngozi ya gari bila mshono kukunjamana.

Ni mwanamke mfupi, mpole, na ana ukaidi wa kazi unaokera. Kila mteja lazima asomewe somo lile lile kabla ya kuondoka. "Kitambaa laini. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji matone mawili. Futa, usimwagie. Acha ikauke kivulini. Na usipake kitu chochote cha jikoni." Wateja walikuwa wanaitikia ndiyo, ndiyo, huku wameshika mlango. Wakitoka wanacheka. Watu wetu bwana! Ukiwaambia jambo rahisi, wanadhani unawaficha lile la kweli.

Mwaka 2008 Mzee Mughwai akaleta gari lake. Mzee huyu ni mshenga. Ukitaka kuoa huku Mtinko na vijiji vyote vya jirani, unamtafuta yeye, maana mdomo wake unalainisha baba mkwe wa namna yoyote. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemnunulia haibridi, gari linalokwenda kwa petroli na kwa betri kubwa lililofichwa nyuma ya siti ya nyuma. Mafundi wenzangu walilikimbia, eti lina mambo ya kompyuta. Upuuzi mtupu! Gari lile ni rahisi kuliko yote tuliyozoea. Halina stata ya kuungua, halina alteneta, halina klachi. Ukikanyaga breki linajichaji lenyewe. Lile betri linaomba kitu kimoja tu, hewa ya baridi, na hewa hiyo inavutwa na feni ndogo kupitia kwenye kitundu kilichoko ubavuni mwa siti ya nyuma. Basi, hakuna uchawi. Nilimwonyesha mzee kitundu kile kwa kidole changu, nikamwambia, "Mzee wangu, hapa pasizibwe." Akasema sawa, huku anatazama simu.

Siti ya nyuma ilikuwa imechanika. Johari akaing'oa, akaishona upya, akairudisha, akatoa somo lake. Mzee akaondoka kwa mbwembwe, vioo juu.

Baada ya miezi minne gari likamzimia njiani akitoka kwenye posa, taa nyekundu zimejaa kwenye dashibodi. Lilivutwa na trekta mpaka mjini, mzee ndani yake amevaa suti. Akashuka gerejini mchana kweupe, watu wamejaa. Mimi fundi umeme hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Johari.

"Shikamoo, mzee," Johari akasema, akaacha kazi, akasimama.

Hakuitikia. Mtu mzima, mshenga, anaamkiwa na mtu aliyesimama kwa heshima, anakaa kimya! Nilisikia aibu badala yake.

"Umekata waya ulipofungua siti," akasema. "Umeniulia gari."

"Mzee wangu, sikugusa waya wowote. Kaka Mazengo alikuwepo."

"Mimi nasema, na wewe unanijibu?" Akageukia watu. "Jamani, mmemwona huyu? Si fundi. Ni mharibifu!"

Akawaita wabeba mizigo wawili, wakainyanyua cherehani ya Mzee Abdulhamidi, meza na yote. Ingekaa kwake, alisema, mpaka gari litembee. Na nani alimzuia? Hakuna. Kila mtu pale alikuwa na kijana wa kuoa au binti wa kuolewa, na kila mtu alijua atamhitaji mzee yule. Hata mimi. Nilikuwa nimeshika spana, nikaendelea kuishika. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Johari akaanza kushona kwa mkono. Ngozi ya gari kwa mkono, vidole vikavimba. Hilo lisingekuwa kitu kama si maneno ya mjini. "Usimpe Johari gari lako, atakukatia waya." Wateja wawili walikuja kuchukua siti zao kabla hazijaisha, na mmoja hata hakushuka kwenye pikipiki, alimtuma mtu.

"Kaka Mazengo," akaniambia siku moja, bila kulia, na afadhali angelia, "cherehani naweza kuingoja. Lakini Hanifa wangu anajifunza kazi hii. Jina langu likishaoza, mtoto atarithi nini?"

Gari lilikuwa limesimama uani kwetu, limefungwa, ufunguo anao mzee. Alikuwa anangoja mtaalamu kutoka Dar, na mtaalamu hakutokea. Siku ya kumi na tisa, alipoona mavuno yamekwisha na posa zinamwita kutoka kila upande, akaja mwenyewe. "Haya, Mazengo. Lifungue."

Nikafungua mlango wa nyuma. Lo! Salaale! Ile hewa ilinipiga puani nikarudi nyuma hatua tatu. Siku kumi na tisa juani, vioo vimepandishwa. Siti zile nzuri zilikuwa nyeusi tii, zinanata, vumbi limeganda juu kama ugali uliounguzwa, na nzi wametulia tuli kana kwamba wamelipa nauli. Nikagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka na utando.

"Mzee, umepaka nini humu?"

"Mafuta ya alizeti," akasema kwa fahari kabisa. "Ya shambani kwangu, nimekamua mwenyewe. Ngozi bila mafuta inakauka. Babu zetu walipaka samli."

Babu zetu! Babu zetu walivaa ngozi kwenye upepo, hawakuifungia kwenye vioo juani. Na mafuta yenyewe yalikuwa hayajachujwa, mashudu yameingia kwenye mishono ya Johari, yamelowesha sponji, yamevunda. Nikajifunga kitambaa puani. Nilikuwa na hasira sasa, si na mzee tu, na mimi pia kwa kuufyata mdomo siku kumi na tisa. Watu wakaanza kusogea. Johari akaacha sindano yake, akaja akasimama karibu na mlango.

Nikalegeza kava la pembeni kwa bisibisi. Kitundu cha hewa hakikuonekana. Nikaingiza koleo, nikavuta, na kikatoka kitu mfano wa panya aliyekufa. Nilipokigeuza kwenye mwanga nikaona ni manyoya. Manyoya ya kuku, yamegandishwa kwa mafuta ya alizeti na kinyesi na punje za mtama, kizibo kimoja kizito. Nikavuta tena, kingine. Feni yote ilikuwa imejaa. Halafu nikahisi mkono unaniwasha. Utitiri! Utitiri wa kuku, hai, unanipanda kuelekea kwapani. Nikatupa koleo, nikavua shati mbele za watu, nikajipangusa huku natukana kwa Kigogo.

"Gari yangu haijawahi kubeba kuku," mzee akasema upesi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Lakini nani asiyejua? Mshenga haondoki kwenye nyumba ya watu mikono mitupu. Anafungiwa jogoo miguu, na kumkataa ni kuwadharau wenye nyumba. Hilo ni jambo la heshima, sina ubaya nalo. Ubaya ni kwamba mzee aliona haya. Gari la siti za ngozi lionekane na jogoo? Ndiyo maana alipandisha vioo, ndiyo maana hakumruhusu mtu yeyote aoshe ndani. Kila posa na jogoo wake, wamelala sakafuni nyuma, wanapigapiga mabawa jirani na kile kitundu, nyumba baada ya nyumba, mpaka betri likakosa pumzi.

Nikaitoa feni, nikaisugua kwa brashi na petroli, nikapuliza njia yote kwa kompresa. Nikakagua waya mmoja mmoja, kwa sauti, ili kila mtu asikie: mzima, mzima, huu nao mzima. Nikachomoa lile betri dogo la kawaida ili kompyuta isahau kosa, nikalirudisha, nikawasha. Taa nyekundu zikazimika zote. Gari likasogea mbele bila hata kunguruma, na watu wakasema aah.

Mzee Mughwai akamsogelea Johari, akamshika bega, akashusha sauti ile ya posa. "Mwanangu, yameisha. Cherehani nitakuletea jioni, giza likiingia. Tusifanye makuu."

"Hapana, mzee," Johari akasema. Sijawahi kumsikia akimwambia mkubwa hapana. "Uliichukua mchana, watu wakiona. Utairudisha mchana. Na lile neno uliloniita hapa, lirudishe kwanza, hapa hapa."

Mdomo uliowaozesha nusu ya vijana wa pale ukakosa neno. Nikamwona mzee akitazama kizibo cha manyoya miguuni pake, akitafuta pa kupitia.

"Johari hakukata waya," akasema chini kwa chini.

"Hawajasikia, mzee."

"Johari hakukata waya!" Sauti ikamkatika. "Ni fundi. Uchafu ni wangu."

Akaacha gari pale pale, mlango wazi, akaenda kuifuata cherehani kwa miguu, na hakuna hata mmoja aliyemcheka.