Vikuku vya Mama Koku

Katika wazee wote wa Bugene, mimi ndiye ninayeujua urembo wanaoutaka wanawake.

Uongo! Ningeujua, nisingekuwa nabandika karatasi hii kwenye mlango wa kilabu na tumbo tupu.

Mke wangu, Mama Koku, alikuwa na vikuku vya shaba vya miguuni, alivyoachiwa na mama yake. Alivikejeli weee: "Haya ni mambo ya vikongwe!"

Basi nikaenda navyo mnadani kimyakimya, nikarudi na mkufu unaong'aa. Yeye alidhani nimeuza kahawa. Alifurahi, mpaka shingo ikageuka kijani kama ndizi mbichi.

Leo kina mama wa kanisani wametangaza: Jumapili watacheza ngoma ya kizamani, kila mmoja na vikuku vyake.

"Baba Koku, vikuku vyangu viko wapi?"

"Si ulisema ni vya vikongwe?"

"Kwani mimi ni kigoli?"

Nikacheka. Kosa kubwa, jamani! Ameshika njia kwenda kwa kaka yake kule Kituntu, anasema harudi bila vikuku.

Semeni ninyi, kosa ni la nani?

Baba Mugisha, arusi ya binti yako nilikukanyagia ndizi za pombe ya rubisi mpaka nyayo zikababuka. Niazime vikuku vya marehemu mama yako, Jumapili tu.

Umpelekee wewe mwenyewe. Mimi atanipiga navyo.