Kuku Aliyekataza Safari ya Kukhu

Babu alinifundisha kusoma matumbo ya kuku kwa sababu hakubaki na mwingine wa kumfundisha. Baba alikuwa amekwisha kufa, mama akamfuata. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la saba nikawa mkata miwa, ili wadogo zangu watatu wale. Babu naye alipokufa, nilidhani watu wangetafuta msomaji mwenye mvi. Hawakutafuta. Walizidi kuja kwetu Musanda, kila mmoja na kuku wake kwapani: huyu anauliza kama asafiri, yule kama binti aolewe upande ule. Hata mwalimu wa katekisimu alikuja, ila yeye alipitia katikati ya miwa.

Kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Mwenye shida humnong'onezea kuku shida yake. Kisha nachinja, napasua, natandaza utumbo juu ya jani la mgomba. Utumbo ukiwa safi, njia nyeupe. Ukiwa na madoa meusi pale unapopinda, mtu abaki nyumbani. Usipoeleweka, aletwe kuku wa pili. Na kuku aliyesomwa harudi kwa mwenyewe, huliwa palepale. Ndiyo maana dada anayenifuata aliombea utata kila mara.

"Kaka, huyu hajasema vizuri," alikuwa akisema, akichungulia begani mwangu.

"Ondoka hapo. Unasoma au unanusa?"

"Nauliza tu. Labda ana ndugu yake."

Firigisi kwa desturi ni ya mwenye boma. Mwenye boma nilikuwa mimi, miaka kumi na saba, ndani ya suruali ya baba. Niliikata vipande vinne. Wazee walisema wasichana hawali kuku, kwetu walikula.

Jirani yetu alikuwa mjane mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa hatukuwa damu moja. Mama alipozikwa, Kukhu alituletea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga kila jioni, miezi kadhaa, bila kuombwa. Miaka ilivyopita macho yake yakafunikwa na utando mweupe, akawa anafika kwetu kwa kupapasa ua. Kisha habari zikaja kwamba madaktari wa macho wangekuwa hospitalini mjini Kakamega Jumatatu, wakiwapasua wazee bure. Jumamosi Kukhu akaja na kuku.

"Mjukuu, nisomee," alisema. "Akisema niende, nitaenda. Akisema nibaki, nitabaki na giza langu. Tumeshazoeana."

Alimnong'onezea yule kuku kwa muda mrefu. Nilipotandaza utumbo, nikaona madoa. Hayakuwa mawili wala matatu. Yalijaa penye mpindo kama punje za wimbi zilizomwagika. Sikuwa nimewahi kuona utumbo unaokataza namna ile. Dada naye aliona, na safari hii hakuuliza habari za ndugu yake kuku.

Niliyaamini yale matumbo, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo ambalo sikuliona. Nikamtazama Kukhu kwenye kigoda, uso ameuelekeza jikoni, akidhani nimekaa upande ule.

"Njia nyeupe, Kukhu," nikasema. "Nenda."

"Wewe ndiye unasema?"

"Nasema."

Akageuza kichwa. "Na wewe msichana, una macho. Unaona nini?"

Dada yangu alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale kweli ilipomletea viboko. Alinitazama, akatazama jani la mgomba.

"Naona chakula, Kukhu."

Kukhu akacheka mpaka akajishika ubavu. Siku hiyo firigisi sikuikata. Nilimpa yeye nzima.

Jumatatu nilimpeleka nikamwacha huko na wazee wenzake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama anakwenda kanisani. Nikarudi kwenye miwa. Usiponyamaza moyo, panga nalo halinyamazi. Nilikata hadi msimamizi akaniuliza nani amenikosea. Kukhu akifa chini ya kisu, au akirudi na giza lilelile na maumivu juu yake, mwenye kosa nilikuwa mimi.

Siku ya nne nilikwenda kumchukua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jicho moja bado limefungwa bandeji, la pili limeshafunguliwa. Likanitazama kutoka miguuni hadi juu.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Sauti naijua. Lakini huyo mwenye sauti alikuwa mtoto." Akanigusa kidevu. "Una ndevu. Na umekonda. Mbona nikiuliza mnasemanga mmeshiba?"

Hilo nikaliruka, nikatoa jingine. "Kukhu, yule kuku alikukataza. Nilikudanganya."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ukisomea watu unakawianga, unaguna-guna hapo mpaka mtu anasinzia. Mimi ulinijibu kabla kisu hakijapanguswa."

"Sasa mbona ulikuja?"

Aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, polepole, akizitazama.

"Yule kuku nilimnunua sokoni siku ileile," akasema. "Ananijua wapi? Wewe unanijua, na ulitaka nije."

Akasimama, akakataa mkono wangu.

"Twende. Nataka kuona hao wengine wamekonda namna gani."