Dawa za Marehemu Mume Wangu

Mume wangu alipofariki, dawa zake za presha zilibaki kwenye kabati la jikoni, paketi nyingi ambazo hazijafunguliwa. Kuzitupa kuliniuma. Baada ya mazishi nilizitia kwenye mfuko, nikazipeleka hospitali ya hapa Kisumu alikokuwa akitibiwa. Nilidhani watanishukuru.

Nikiwa kwenye foleni nilizungumza na mzee mmoja kutoka Muhoroni. Alikuwa amekata miwa maisha yake yote, na sasa presha ilimzuia hata kulima shamba lake dogo. Alitangulia dirishani, akaambiwa dawa yake imekwisha, akanunue nje. Alirudi kukaa kwenye benchi.

Zamu yangu ilipofika, mfamasia, msichana wa umri wa binti yangu, alifungua mfuko akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Hizi ziliandikiwa mzee wako. Sheria hairuhusu tumpe mtu mwingine, na hatujui zimewekwaje huko nyumbani. Niachie, zitaharibiwa."

Yule mzee aliinuka, akasogea.

"Mama, hiyo ndiyo dawa yangu. Jina ni hilo hilo. Basi nipe mimi."

Hakupaza sauti, lakini foleni nzima iligeuka kututazama.

"Nguvu yake si ile uliyoandikiwa, mzee," mfamasia alimwambia taratibu. "Hii inaweza kukuangusha njiani."

Nilisukuma mfuko ndani ya dirisha. Mzee akautazama ukiwekwa chini ya meza. Nilijua nimefanya inavyotakiwa, na bado uso uliniwaka, kama mtu aliyempokonya mwenzake chakula mdomoni. Ni mimi niliyezileta pale mbele ya watu waliozikosa, tena nikizishika kwa madaha, nikingoja kusifiwa.

Nilimkuta nje, karibu na geti, nikafungua pochi.

"Mzee, twende duka la dawa hapo ng'ambo, nikununulie."

Alitabasamu kidogo bila kunitazama.

"Asante, mama. Dawa ningezichukua kwa sababu marehemu hazihitaji tena. Pesa sikukuomba. Nina watoto."

Akavaa kofia yake, akavuka barabara. Nilibaki nimeshika pochi wazi, askari wa getini akijifanya hanioni.

Nyumbani binti yangu aliniuliza kama hospitali ilizikubali.

"Wamezipokea," nikamjibu, nikaingia chumbani kabla hajaniuliza lingine.