Gobore la Mzee lililoning'inia "tupu" juu ya jiko la Mama

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hili ninaloleta lilitokea nyumbani kwetu Kishapu, nami ndiye niliyekuwa nimeshika ufito. Sitaongeza chumvi. Habari yenyewe inayo ya kutosha.

Mimi ni fundi wa cherehani na pampu za maji, naishi Ngokolo, Shinyanga mjini. Mengi nimejifunza kwa kusoma mwenyewe na kufungua vitu vilivyoharibika. Silaha si kazi yangu. Ninachojua kuhusu gobore nilifundishwa na Mzee wangu, baadaye nikalinganisha na maandiko ya mtandaoni. Sehemu kubwa maandiko yalikubaliana na Mzee.

Kwa wasiolijua: gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Unamimina baruti nyeusi, unaweka kizibo, unashindilia kwa ufito wa chuma. Unatia gololi, kizibo kingine, unashindilia tena. Mwisho unavisha fataki ndogo kwenye chuchu, pale nyundo inapogonga.

Ni kazi ya mtu aliyetulia. Mwenye haraka atafute manati.

La Mzee lina kibali, alilipata kwa ajili ya kulinda zizi. Ufito wake una alama aliyoikata kwa msumeno. Ukiuingiza kwenye mtutu mtupu, alama inakaa sawa na mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, kuna kitu ndani.

Shikeni hiyo alama, tutairudia.

Sasa, kaka yangu Masanja ana karasha huko Geita, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ni mtu mwema, ila amezoea kuongea juu ya kelele za mashine, na hata nyumbani sauti hiyo haishuki. Aliitisha kikao cha familia. Hoja yake ilikuwa moja: Mzee anasahau. Amepoteza fimbo mara kadhaa, na amewahi kumwita mjukuu wake kwa jina la shangazi wa mtoto huyo. Kwa hiyo yeye na Mama wahamie kwangu Ngokolo, ng'ombe wauzwe, gobore lirudishwe polisi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko Ngokolo nitachunga nini?" akauliza. "Bajaji?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Masanja alikuwa hajamaliza. Alisema tuanze na gobore, mimi nilishushe, nilikague na kulisafisha.

"Ni tupu," Mzee akasema. "Nililipakua mwenyewe kabla sijaja kwako Geita kutibiwa macho. Tangu hapo sijaligusa."

Gobore lilikuwa jikoni, kwenye kulabu mbili juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu kwenye mbegu, na Mzee anaamini unafukuza kutu pia. Hapo maandiko hayakubaliani naye. Mdomo wa mtutu ulielekea kwenye rafu ya masufuria. Mama alikuwa anapika chini yake kila siku ya Mungu.

Nililitoa nje, nikaelekeza mdomo kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, upande usio na mtu. Mzee huweka kipande cha ngozi kati ya nyundo na chuchu ili chuma kisigonge chuma. Nikainua nyundo taratibu, nikaitoa ile ngozi.

Chini yake kulikuwa na fataki.

Nikaitoa fataki, nikaiweka mbali. Nikaingiza ufito. Alama ikabaki juu ya mdomo wa mtutu, vidole vinne. Nikautoa, nikauingiza tena. Vidole vinne.

"Haya," Masanja akasema. "Ndiyo tupu hiyo? Na Mama anapikia ugali chini yake. Mnataka niseme nini tena?"

Mzee akauomba ufito. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo aliingiza mwenyewe akaitafuta alama kwa kidole gumba. Akaipata. 

Kisha akarudi kwenye kigoda chake.

"Labda nimesahau," akasema.

Wakuu, sijawahi kumsikia Mzee wangu akitumia neno "labda". Hata mvua huwa hailabdii. Nikajua kikao kimekwisha, na kimekwisha upande wa Masanja.

Masanja akataka turudishe fataki, tulipige hewani tumalize. "Kwetu duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, baruti iliyogoma hailelewi."

"Kwenu duarani mkiwasha mnakimbia," nikamwambia. "Hili unaliweka shavuni."

Baruti iliyokaa muda mrefu, ndani ya mtutu ambao hujui una kutu kiasi gani, haipigwi kwa kukisia. Inaloweshwa, kisha inatolewa kwa njia iliyoingilia. Nikamimina maji mdomoni, nikasubiri yashuke mpaka chuchu ianze kutoa machozi meusi. Baruti ikishageuka tope, nusu ya hofu imeondoka. Nikafunga kwenye ncha ya ufito ile skrubu ya Mzee inayofanana na kizibuo cha chupa, nikaanza kuzungusha polepole huku mwili wangu ukiwa pembeni ya mdomo.

Kizibo cha juu kikatoka.

Kilikuwa kipande cha kitenge. Bluu, maua ya njano.

Hapo nikasimama. Mzee wangu hajawahi kuziba kwa nguo. Anatumia katani iliyopondwa, na alinifokea nikiwa mtoto kwa kujaribu kuziba kwa kitambaa. Nguo hutoka ikiwaka na kuangukia nyasi.

Nikampa mkononi. Akakisugua kwa vidole.

"Hiki si changu," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Baba," Masanja akasema, "umesahau bunduki nzima, utakumbuka kizibo?"

Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa kwenye mkeka, anamenya viazi vitamu, hajasema neno tangu asubuhi. Kitenge kile nilikifahamu. Alikuwa anafungia kilemba.

"Mama, hiki si kile kitenge chako?"

"Ndicho."

"Kimefikaje kwenye mtutu?"

"Nilikishindilia." Hakuinua macho kutoka kwenye kiazi. "Baba yenu alikuwa Geita kwa Masanja, macho. Fisi akaja zizini. Ningemsubiri apone?"



"Nani alikufundisha kushindilia?" nikauliza.

"Ng'wanone, mwanangu, nimemtazama huyu akishindilia tangu wewe hujazaliwa. Kuna cha kufundishwa hapo?"

"Na huyo fisi?"

"Nilipomaliza alikuwa ameshaondoka. Kushindilia kunachukua muda, na fisi hana subira. Nikalirudisha mahali pake."

"Mama!" Masanja akadakia. "Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza. Leo mmekaa kikao kizima, mnamuuliza huyu peke yake." Akachukua kiazi kingine. "Kama anayesahau ndiye anayehama, nihamishe mimi. Yeye mwache na ng'ombe wake."

Mzee alikuwa bado ameshika kile kitenge.

"Gololi ngapi?" akamuuliza.

"Tano."

"Nyingi."

"Alikuwa mkubwa."

Nikaendelea na kazi. Gololi zilitoka tano kweli. Kikafuata kizibo cha chini, kitenge kilekile, halafu tope la baruti. Nikafungua chuchu, nikamimina maji ya moto yenye sabuni mara kadhaa: yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi. Maji yawe ya moto sana, ili mtutu wenyewe ukauke kwa joto lake. Tambara kavu mpaka litoke jeupe, kisha mafuta kidogo. Mzee anapaka samli ya ng'ombe isiyo na chumvi, na haina kasoro. Mafuta ya kupikia ya dukani yaacheni, huganda kama gundi.

Kabla ya kulirudisha, Mzee hakuingiza ufito mwenyewe. Alimpa Mama. Mama akafuta mikono, akauingiza, akainama kuitazama alama. Ilikaa sawa na mdomo.

"Tupu," akasema. Safari hii Mzee akalitundika chumbani.

Masanja aliondoka kesho yake bila kuitisha kikao kingine. Siku ya uhakiki wa silaha polisi, Mzee alilipeleka gobore mwenyewe, na akarudi nalo.

Nilichojifunza: usiseme bunduki ni tupu kabla ufito haujasema. Na ukikuta imejaa, usikimbilie kumhukumu mwenye kibali. Waulize wote wanaolala nyumba hiyo.

Wenye magobore ya kihalali, niambieni chuchu iliyoshika kutu mnaifunguaje bila kuivunja. Na wenye mama zao hai, wakiwapigia leo waulizeni wamewahi kufanya nini ambacho hakuna aliyewauliza, halafu mrudi hapa mtuambie wamejibu nini.